Jasho la Farasi na Riziki ya Mwendeshaji

Wahenga walisema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hiyo ilikusudiwa kumsuta bwana. Lakini katika jiji la New York, nchini Marekani, ambako magari ya farasi huwazungusha watalii katika bustani ya Central Park, masuto hayo yameelekezwa kwa mtu ambaye si bwana hata kidogo, yaani mwendeshaji.

Kazi yake si ya kushika hatamu tu. Huku farasi akienda kwa hatua za taratibu, mwendeshaji huwaonyesha abiria madaraja, maziwa na miti, akawasimulia habari za bustani iliyobuniwa mwaka 1858 na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux. Mabingwa hao walitenganisha njia za magari ya farasi na za waendao kwa miguu, na barabara nne za jiji zikapitishwa chini ya usawa wa bustani. Farasi, basi, si mgeni Central Park. Alitengewa njia tangu mwanzo.

Hata hivyo, historia hiyo haina budi kusimuliwa yote. Upande wa magharibi wa eneo hilo palikuwa na kijiji cha Seneca Village, chenye wakazi wapatao 225, wengi wao watu weusi, wenye makanisa yao na shule. Kufikia mwaka 1857 wote walikuwa wamekwisha kuondolewa ili bustani ijengwe. Jambo jema kwa jiji zima lilitimizwa kwa kuwasahau wanyonge waliokuwa wakiishi pale. Fundisho hilo lingali na maana katika ugomvi wa farasi.

Wapo wanaotaka magari hayo yapigwe marufuku, na hoja zao si za kupuuzwa. Mwezi Agosti 2022 farasi aitwaye Ryder alianguka barabarani katikati ya jiji, na picha zake zikaenea duniani. Mwendeshaji alishtakiwa, na mwaka 2025 mahakama ikamwona hana hatia. Muswada wa kufuta biashara hiyo ulipewa jina la farasi huyo, lakini mwezi Novemba 2025 kamati ya afya ya Baraza la Jiji iliukataa. Kabla ya hapo Meya Bill de Blasio alikuwa ameahidi, katika kampeni ya mwaka 2013, kuyaondoa magari hayo. Naye hakufaulu.

Si kweli kwamba farasi hao hawana sheria ya kuwalinda. Sheria ya jiji imeweka kikomo cha saa 9 za kazi kwa siku na likizo ya wiki 5 kila mwaka malishoni, na inakataza kazi joto linapofikia nyuzi 32 za Selsiasi. Kasoro kubwa iko kwingine. Mazizi yako nje ya bustani, na kila siku mnyama hulazimika kupita katikati ya malori na mabasi, kwenda kazini na kurudi. Ryder mwenyewe hakuangukia bustanini. Aliangukia katika barabara ya magari.

Kwa hiyo dawa iliyo karibu zaidi ni kujenga zizi ndani ya bustani. Mapatano ya kufanya hivyo, pamoja na kupunguza idadi ya farasi, yalifikiwa mwaka 2016, yakavunjika baada ya chama cha wafanyakazi kujiondoa, kwa kuwa baadhi ya watu wangepoteza kazi. Wapo waliosema pia kwamba si haki ardhi ya umma kupewa wafanya biashara binafsi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inajibika: zizi na libaki mali ya jiji, wenye magari walipe kodi ya pango, na wakaguzi wa wanyama wawe na ofisi humo humo.

Endapo hatimaye wakazi wa New York wataamua magari hayo yakome, basi uamuzi huo uanze na kazi mbadala kwa waendeshaji na malisho ya kudumu kwa farasi, wala yasiachwe kuwa ahadi za baadaye. Huruma inayomfungua farasi lijamu na kumwacha mtu na watoto wake bila chakula haijakamilika. Wakazi wa Seneca Village waliondolewa kwanza, wakakumbukwa baadaye. Kosa hilo lisirudiwe.