Nyumba Yangu, Picha Yako: Ni Nani Mwenye Haki?

Kuna ugomvi mmoja unaozidi kuota mizizi katika pwani yetu, kuanzia Takaungu na Mnarani, kupitia Kilifi na Watamu, hadi Malindi na Mambrui. Ni ugomvi usio na kelele, kwani aghalabu wenye kugombana huachana kwa chuki bila ya kufika mahakamani. Ugomvi wenyewe ni juu ya picha. Mtu akipigiwa nyumba yake picha na fundi wa kazi hiyo, ili apate kuipangisha kwa wageni, je, picha hizo ni mali ya nani?

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo dogo. Zamani mgeni aliyetaka nyumba ya kupanga Malindi alifika mwenyewe, akazungushwa vyumbani, akaonja maji ya kisima, ndipo akataja bei. Leo mgeni aliyeko Nairobi, Milano au London haoni nyumba, aonacho ni picha. Huitazama katika simu yake, akapendezwa na paa la makuti, kidimbwi cha kuogelea na mivinje iliyo mbele ya bahari, na akalipa malipo ya mwanzo kabla hajaukanyaga mchanga wetu. Kwa hivyo picha ndiyo inayoleta kodi, na penye kodi hapakosi maneno.

Wanaohusika nao ni wengi. Mwenye nyumba huenda yuko ng'ambo au bara, na huonekana mara moja kwa mwaka. Wakala ndiye anayemtafutia wageni. Mtunza nyumba ndiye aliyefagia ua na kufungua madirisha siku ya kupigwa picha. Mpiga picha naye, mara nyingi kijana wa papa hapa, alikuja alfajiri na kamera yake ya bei ghali, akangoja mwangaza mzuri wa jua, kisha akakesha usiku kucha akizisafisha picha zake. Mwenye nyumba husema, "Nyumba ni yangu, basi picha ni zangu." Mpiga picha husema, "Jicho ni langu na kazi ni yangu." Wakala naye husema, "Mimi ndiye niliyelipa." Kila mmoja anaona kwamba haki iko upande wake.

Nadhani sehemu ya utata huu tuliirithi kutoka kwa studio zetu za zamani. Katika miji yetu ya pwani, Mombasa, Lamu na Malindi, mteja alipigwa picha, akalipa, akapewa karatasi yake. Negativu ilibaki studio ndani ya bahasha. Akitaka nakala nyingine kumpelekea ndugu aliye safarini, sharti arudi pale pale alipe tena. Basi watu wakazoea kwamba mwenye negativu ndiye mwenye picha. Lakini kukishika kitu ni jambo moja, na kuwa na haki juu yake ni jambo jingine. Na siku hizi negativu haipo tena. Picha moja yaweza kuwa katika simu kumi kwa dakika moja, na kila aliye nayo akajiona mwenyewe.

Sasa sheria yetu yasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001, nayo ilianza kutumika mwaka 2003. Yasema kwamba mtunzi wa picha ni yule aliyehusika na kuipiga, na kwamba haki huanzia kwake. Lakini papo hapo inaongeza sharti ambalo wapiga picha wengi hawalijui: ikiwa kazi imeagizwa na mtu mwingine, hakimiliki itahesabiwa kwamba imehamia kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa kama wenyewe wamepatana vingine. Vivyo hivyo kwa mwajiriwa anayepiga picha katika kazi aliyoajiriwa, haki huenda kwa mwajiri wake.

Maana yake ni kwamba kijana aliyeitwa Watamu kupiga picha za nyumba, akafika, akalipwa bila ya mapatano mengine, hana uwezo wa kuziuza picha zile kwa gazeti la utalii wala kumzuia aliyemwagiza asizitumie. Lakini kama alizipiga kwa hiari yake, pasipo kuagizwa na mtu, kisha akamwonyesha mwenye nyumba ili azinunue, hapo hakimiliki inabaki kwake mpiga picha. Nyumba kuonekana ndani ya picha hakumfanyi mwenye nyumba kuwa mwenye picha.

Wako watakaosema kwamba sheria hii inamwonea fundi. Nakubali kwamba si nyepesi kwake, lakini haikumwacha mikono mitupu. Hata baada ya hakimiliki kuhama, mpiga picha bado ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi ile, na haki ya kupinga picha yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Kwa hivyo wakala anayelifuta jina la mpiga picha na kubandika nembo yake mwenyewe asijidai kwamba amenunua kila kitu. Tena haki hizi za picha si za msimu mmoja. Hakimiliki ya picha hudumu miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa hadharani, kwa kuchukua tarehe iliyo ya mwisho.

Fundo lenyewe liko kwenye neno "aliyeagiza". Tuseme wakala wa Malindi anamwita mpiga picha, anamlipa, na nyumba inapata wageni. Baada ya miaka miwili mwenye nyumba anaudhika na hesabu, anamwacha wakala yule na kumshika mwingine. Wakala wa kwanza anasema, "Nyumba chukua, picha niachie." Je, ana haki? Ikiwa aliagiza kwa ajili ya biashara yake na kwa fedha zake, hoja yake ina nguvu. Lakini ikiwa aliagiza kwa niaba ya mwenye nyumba, na gharama akaikata katika kodi aliyomkusanyia, basi mwagizaji wa kweli ni mwenye nyumba. Jawabu la kesi kama hii litatoka katika risiti na barua. Ole wao wasioandikiana!

Mchanganyiko huzidi kwa sababu wageni wetu huja na desturi za kwao. Uingereza, tangu sheria yao ya mwaka 1988 ilipoanza kutumika mwaka 1989, picha iliyoagizwa hubaki kuwa ya mpiga picha mpaka aandike kwamba ameitoa. Kabla ya hapo ilikuwa kinyume. Italia, ambako wametoka wengi wa wenye nyumba wa Malindi, sheria ya mwaka 1941 ina njia ya katikati: kwa picha za kawaida za vitu vilivyo mikononi mwa aliyeagiza, haki ni ya mwagizaji, lakini anayezitumia kwa biashara sharti amlipe mpiga picha malipo ya haki. Huko Marekani, mwaka 2017, baraza la mahakama mjini Seattle liliitoza kampuni ya Zillow zaidi ya dola milioni 8 kwa kutumia picha za nyumba za kampuni ya VHT kupita ruhusa iliyotolewa, ingawa kiasi hicho baadaye kilipunguzwa sana. Basi Mwitaliano, Mwingereza na kijana wa Kilifi wakikutana katika ua mmoja, kila mmoja ana sheria yake kichwani, na hakuna anayemuuliza mwenzake.

Liko na jambo la kutisha zaidi, nalo ni matapeli. Mtu huchukua picha za nyumba nzuri, akazitangaza kama zake, akapokea fedha za familia inayotaka kuja kupumzika Desemba, kisha akapotea. Familia inafika na mizigo na watoto, inakuta mlinzi asiyejua lolote. Tangu sheria yetu iliporekebishwa mwaka 2019, mwenye hakimiliki anaweza kutoa notisi ili picha zilizoibwa ziondolewe kwenye intaneti. Lakini ni nani atakayeitoa notisi hiyo ikiwa mwenye nyumba, wakala na mpiga picha wangali wanabishana ni nani mwenye picha? Wakati wao wanavutana, mwizi anaendelea kuvuna.

Wala tusiwasahau wasiotajwa kamwe. Mpishi aliyesimama na sinia la kamba na maembe, na mama anayetandika kitanda, sura zao huzunguka dunia kuleta wageni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu sura ya mtu anayetambulika kuwa ni habari zake binafsi. Si adabu, wala si halali, kumtangaza mtu hivi hivi kwa kuwa tu anafanya kazi katika nyumba ile. Aombwe ridhaa, na akikataa asichukiwe.

Maoni yangu ni kwamba mapatano ya haki si magumu. Mwenye nyumba azitumie picha kupangisha nyumba yake muda wote iwapo mikononi mwake. Mpiga picha atajwe jina, na aruhusiwe kuzionyesha kazi zake kwa wateja wengine. Picha zikitakiwa na gazeti, hoteli au kampuni nyingine, ijulikane mapema ni nani wa kuulizwa na fedha zitagawanywa vipi. Wakala aandike wazi kwamba anaagiza kwa niaba ya nani. Na kabla ya kuzitia picha katika mitandao ya kupangisha nyumba, masharti yasomwe, kwani kampuni hizo huomba ruhusa pana ya kuzitumia. Yote haya yaenea katika karatasi moja yenye tarehe na sahihi.

Nayo Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ingefanya jambo la maana ikiwafikia wapiga picha wa Kilifi na Malindi na kuwaeleza mambo haya kwa Kiswahili, kwani sheria iliyoandikwa Kiingereza na kufungiwa kabatini haimsaidii kijana aliyeinunua kamera kwa mkopo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ni mali, ndugu zangu. Andikianeni kabla kamera haijatolewa mfukoni.