Mashine Niliyoipiga Nyundo

Miezi michache iliyopita, katika kikao cha mtaa wetu huku Mbagala, mzee mwenzangu alisimama akapendekeza vibanda vyote vya gemu vifungwe. Hoja yake ilikuwa fupi: watoto wanatoroka shule, wanaiba chenji za mama zao, wanaharibika. Akapigiwa makofi. Mwenyekiti akanigeukia, akasema, "Mwalimu, hebu tusaidie hapo." Mwalimu mkuu mstaafu, nadhani, hutarajiwa kuunga mkono kila jambo la kuwanyima watoto raha. Nikasema sikubaliani. Watu walivuma kama mzinga uliopigwa jiwe, na kabla sijafika katikati ya maelezo yangu kikao kikafungwa, kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia. Basi yale niliyokatishwa nayamalizia hapa, ambako hakuna wa kunipokonya zamu.

Kwanza tuache kuchanganya mambo. Mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu, ile ambayo vijana wanaiita dubwi, siyo ninayoizungumzia. Hiyo imetengenezwa ili mchezaji apoteze, na tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Ikikutwa inachezwa na watoto, mwiteni polisi, nami nitakuja kutoa ushahidi. Lakini mzee wangu aliitaja dubwi na gemu za televisheni kwa mkupuo mmoja, kana kwamba mtu anayekata karata za fedha na mtoto anayepanga vijiti vya kuhesabia ni wezi wa genge moja.

Tena nawauliza wenzangu wa kijiwe cha drafti pale chini ya mwembe: sisi tunaofika saa nne asubuhi na kuondoka jua likizama, tukibishana hadi mishipa ya shingo inasimama, nani alitaka kutufungia kijiwe? Wazee wa pwani walicheza bao, mashimo 32 na kete 64, na bingwa wa bao aliheshimiwa kama mtu wa hesabu kali. Kwa nini hesabu ya kete iwe busara, na hesabu ya kwenye kioo iwe uhuni?

Nasema haya nikiwa mtu mwenye deni. Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Televisheni ilikuwa bado ngeni kwetu bara. ITV ilikuwa imeanza kurusha matangazo mwaka 1994 tu, ilhali Zanzibar walikuwa na yao tangu miaka ya mwanzo ya 70. Pamoja na televisheni zikaja mashine ndogo za gemu, za plastiki, zenye pedi mbili na kaseti za njano. Zilikuwa nakala za mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom. Ile ya asili hatukuiona; zetu zilikuwa za kuiga, kazi ya mafundi wa Taiwan na China. Mvulana mmoja wa darasa la sita aliileta yake shuleni ndani ya mfuko wa rambo. Nikaiweka juu ya jiwe mbele ya mstari wa asubuhi, nikaipiga nyundo.

Kisha nikapekua mkoba wake. Nikakuta daftari la hesabu, lile la miraba, limejaa vijumba vilivyotiwa wino: vingine vimepakwa weusi, vingine vina mistari ya mawimbi, vingine vina alama kama majani, na katika kila ukurasa, chini katikati, kidude kama ndege. Nikamuuliza ni upuuzi gani huu. Akasema, "Ni ramani, Mwalimu." Nikamchapa viboko kwa kosa la kuchafua daftari la hesabu, na jioni nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Ilipita zaidi ya miaka 20. Mjukuu wangu ninayekaa naye akanunuliwa na mjomba wake mashine ya aina ileile, kutoka kwa muuza mitumba wa Tandika. Nikakaa karibu naye nikiwa na nia ya kukusanya ushahidi wa kumkataza. Akaweka mchezo uitwao Battle City, kazi ya kampuni ya Namco ya mwaka 1985. Wewe ni kifaru kidogo. Chini katikati ya uwanja kuna tai aliyezungushiwa tofali, naye ndiye makao yako. Vifaru 20 vya adui vinashuka kutoka juu, kidogo kidogo, na tai akipigwa mchezo umekwisha, hata kama wewe mwenyewe ungali mzima. Hata risasi yako ikikosea njia ikampiga tai, umejimaliza. Mkicheza wawili, risasi yako ikimpata mwenzako inamgandisha kwa muda, naye anabaki kukutazama huku adui wakipita. Nimewahi kuona wakuu wa idara wakifanyiana vivyo hivyo, ila wao hawakuganda kwa muda mfupi kiasi hicho.

Lakini kilichonishika ni jambo lingine. Katika ukurasa wa kwanza wa mchezo, chini ya mistari miwili ya kuchagua idadi ya wachezaji, kuna mstari wa tatu ambao watu wengi hawaugusi. Ukiuchagua unapewa uwanja mtupu, miraba 13 kwa 13, na unaujenga mwenyewe. Unaweka tofali zinazovunjika, au chuma kisichovunjika. Maji ambayo kifaru hakivuki ila risasi inapita juu yake. Vichaka vya kujificha. Barafu ya kuteleza. Ukimaliza, unaucheza uwanja ulioujenga kwa mikono yako.

Mjukuu wangu mara ya kwanza alimzungushia tai chuma pande zote. Adui wakapiga na kupiga, wasimpate. Alifurahi sana kwa dakika kama tano, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Babu, haina utamu." Akarudi, akatoa chuma upande mmoja akaweka tofali, akasogeza maji, akajaribu, akashindwa, akabadilisha tena. Kwa muda wa saa nzima alikuwa anatafuta kiasi cha ugumu kinachomfaa mchezaji, asichoke kwa wepesi wala asikate tamaa. Mimi nilisomea kazi hiyo chuo cha ualimu miaka ya 70, nikapewa na cheti.

Mashine hiyo haina mahali pa kuhifadhi kazi ya mtoto. Ukiizima, au umeme ukikatika, nao huku kwetu haungoji mwaliko, uwanja wote umefutika. Jioni moja nikamkuta amechukua daftari lake la hesabu la miraba, anaunakili uwanja kutoka kwenye kioo kabla giza halijaingia. Tofali alikuwa anazipaka weusi. Maji alikuwa anayachora mawimbi. Chini, katikati, kidude kama ndege.

Nilimtuma maji ya kunywa ili atoke chumbani.

Wale wa rika langu wanakumbuka jinsi tulivyokaririshwa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967: mtoto awe na akili ya kuhoji, ajiamini, ajifunze kwa kutenda. Tuliyaandika hayo katika maazimio ya kazi na maandalio ya somo, wiki baada ya wiki, wakaguzi wakatia tiki. Kisha akaja mtoto aliyefanya hivyo hasa, bila kutumwa na mtu, kwa kalamu yake, nami nikashika nyundo.

Kwa hiyo siwaombi wazazi wavumilie gemu. Nawaambia watafute gemu za zamani zilizosahaulika na wawape watoto. Nyingine ni Lode Runner, iliyotungwa na Mmarekani Douglas Smith mwaka 1983, ikaletwa kwenye mashine ya Nintendo na kampuni ya Hudson mwaka uliofuata. Ndani yake huna silaha yoyote. Unakusanya dhahabu huku unafukuzwa, na unachoweza kufanya ni kuchimba shimo kwenye tofali, kushoto au kulia kwako, na shimo hilo baada ya muda linajifukia. Ukitaka kushuka tabaka tatu huchimbi shimo moja. Lazima uanze na pana ili upate nafasi ya kuchimba la chini yake. Anayekurupuka anafukiwa mzima. Nayo pia ina sehemu ya kujenga viwanja vyako.

Kwa wadogo zaidi iko Binary Land, ya Hudson vilevile, ya mwaka 1985. Ndege wawili wa baharini, wale wasioruka, wametenganishwa na ukuta katikati. Unawaongoza wote kwa pedi moja: mmoja akienda kushoto mwenzake anakwenda kulia, na lazima wafike juu kwa pamoja. Nimefundisha darasa la kwanza, najua taabu ya kumfanya mtoto ajue kushoto na kulia. Ningeipata mashine hiyo enzi hizo, chaki nyingi zingebaki boksini.

Sasa niwageukie wenye vibanda, maana wasidhani nimekuja kuwapamba. Ninyi ndio mmewapa wazee hoja. Ukiingia kibandani, kuanzia Mbagala hadi Mwananyamala, ni mpira, na ukitoka hapo ni mpira tena. Mpira naupenda, na wanaotaka kuutazama wana vibanda umiza vyao. Lakini PlayStation 2 ni mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ikatungiwa michezo kwa maelfu, nanyi mmeigeuza uwanja wa timu mbili. Tafuteni mchezo uitwao Ico, wa mwaka 2001, wa kundi lililoongozwa na Mjapani Fumito Ueda. Mvulana mwenye pembe kichwani anatupwa ndani ya ngome, kwa kuwa watu wake wanaamini pembe zile ni mkosi. Huko anamkuta msichana ambaye lugha yake haielewi, na kazi yote ni kumshika mkono na kumtoa salama. Hahitaji Kiingereza mtoto wa Temeke kuucheza. Maneno ni machache, na ya msichana hata mvulana mwenyewe yanampita. Sisi tulio na ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, tuliosikia waliyotendewa kwa sababu ya imani za mkosi na bahati, tunahitaji nani atueleze hadithi hiyo?

Tahadhari mbili kwa mnunuzi. Kaseti ikiandikwa kuwa ina michezo 9,999,999, huo ni uongo wa mchana. Ndani mna michache tu, inayorudiwa kwa majina tofauti. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako. Na asikuuzie bastola ya kupiga bata kama televisheni yako ni ya bapa; ile inategemea mwanga wa televisheni za zamani zenye kisogo, na kwenye bapa haitapiga bata hata mmoja.

Mzee mwenzangu atauliza: je, huyo mjukuu wako amekuwa wa kwanza darasani? Hapana. Ni wa 19. Sikusema gemu ni dawa ya mtihani, na tangu lini tunapima kila kinachofanywa na mtoto kwa namba ya mtihani? Kutoroka shule ni kosa, basi kibanda kifungwe saa za masomo, na mwenye kibanda anayepokea mtoto aliyevaa sare atozwe faini. Hilo nitalipigia kura mimi wa kwanza. Lakini kufunga kabisa ni kazi ya nyundo, na nyundo nimekwisha kuishika.

Yule mvulana wa mwaka 1997 nimemtafuta. Familia yake ilihama, na jirani aliyebaki anasema tu kwamba walikwenda upande wa Kigamboni. Leo ni mtu mzima wa miaka 40 hivi. Sijui daftari lake liliishia wapi. Huenda lilifungia maandazi.

Kikao kijacho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimekwisha kuzungumza na kijana wa mkokoteni aniletee televisheni yangu ya kisogo hadi ofisi ya mtaa, na mjukuu wangu ameteua ukurasa mmoja katika daftari lake, wenye maji mengi na tofali chache. Mchezo huo ni wa watu wawili. Pedi ya pili nimemwekea mzee mwenzangu.