Bahari ni ya Mungu, Mwenye Kambi Huuza Usingizi

Kila Agosti ikibisha hodi, katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret huulizwa swali lile lile: "Baba, mwaka huu tunakwenda Mombasa?" Baba hukuna kichwa, akapiga hesabu ya vyumba viwili vya hoteli, nauli na chakula cha watu watano, kisha akawaambia watoto wangoje Disemba. Disemba nayo ikifika, safari huwa ni ya mashambani kwa nyanya.

Kwa familia kama hiyo, na kwa wanafunzi ambao mifuko yao imetoboka, hema ni mkombozi. Tangu gari la moshi la reli mpya lianze kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mnamo Juni 2017, mtu anaweza kuondoka jijini asubuhi na kabla ya jua kutua awe amevuka feri ya Likoni, hema mgongoni.

Leo hata hivyo sitaki kuzungumza na mgeni. Nataka kuzungumza na mwenyeji. Kila ninapoandika juu ya likizo, hakosi msomaji wa kuniambia: "Mimi nina ploti ya urithi karibu na bahari. Nikinunua mahema kumi na kuyapanga chini ya minazi, si nitakuwa nimeukata?" Kwake kazi hiyo ni rahisi kama kumsukuma mlevi.

Ndugu yangu, hebu keti kwanza nikusimulie.

Ukishavuka Likoni na kushika barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga, mwendo wa kilomita kama 20 utakufikisha Tiwi. Mbele yake, ng'ambo ya mdomo wa Mto Mwachema, ndiko Diani kwenye mahoteli makubwa. Ni huko Tiwi tulikolala usiku tatu katika kambi ya mama mmoja mjane ambaye, kwa ombi lake, sitamtaja jina. Huendesha kambi hiyo pamoja na mwanawe kitindamimba na mkaza mwanawe.

Jioni ya kwanza nilimsifia bahari yake. Alicheka. "Bahari ni ya Mungu, mwanangu," akasema. "Hiyo unaitazama bure hata ukiwa barabarani. Mimi nauza usingizi. Mgeni akilala vizuri atarudi. Asipolala, hata bahari iwe ya dhahabu hutamwona tena."

Kwa siku tatu zilizofuata nilitambua kwamba kila alichokifanya mama yule, tangu alfajiri hadi usiku, kilikuwa ni kuulinda usingizi huo.

Maji matamu na choo

Jambo la kwanza ni maji. Ardhi ya ufuo ule ni mawe ya matumbawe, na yana matundu kama sponji. Maji ya mvua yakizama chini huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji matamu ni mepesi zaidi. Ukiyavuta kwa pampu kwa pupa, chumvi hupanda na kisima kikaharibika. Kwa hivyo mama huyu huvuta kidogo asubuhi na kidogo jioni, akajaza tangi. Wageni huoga kwa tangi hilo, na likiisht kabla ya wakati wake, kila mtu hungoja.

Matundu hayo hayo hupitisha uchafu. Marehemu mumewe alipoanza kazi alichimba choo hatua chache tu kutoka kisimani. Afisa wa afya alipofika alikifunga papo hapo. Mzee alikasirika, akaona anaonewa. Lakini kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba choo cha shimo kisikaribie kisima kwa chini ya mita 30, na kwenye mawe kama yale ni heri kuzidisha. Kambi yenye watoto 20 wanaoharisha haina haja ya kutangazwa, itajitangaza yenyewe.

Vyoo vya kambi ile husafishwa saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku. Nilimwona mama mwenyewe akiwa na ndoo na fagio. "Mfanyakazi ninaye," akaniambia, "lakini nikiacha kuingia humo, naye ataacha."

Juu kuna nazi, kando kuna tumbili

Picha za likizo huonyesha hema chini ya mnazi. Mwenye kambi anayejua kazi yake huona hatari katika picha hiyo. Mnazi mrefu hupita mita 20, na nazi ambayo haijafuliwa yaweza kuzidi kilo moja. Ikimwangukia mtoto kutoka huko juu, hapana haja ya kuuliza lililompata. Mama huyu ana mkwezi wake ambaye huja mara kwa mara kuangua nazi na kukata makuti makavu. Mnazi ambao haujaanguliwa hufungwa kitambaa chekundu, na hakuna anayeruhusiwa kupiga hema chini yake. Madafu huuziwa wageni, kwa hivyo mkwezi anajilipia mwenyewe.

Kisha kuna tumbili na nyani. Huko Diani, shirika la kuhifadhi mbega lililoanzishwa mwaka 1997 limewatundikia wanyama hao ngazi za kamba juu ya barabara ili wasigongwe na magari. Mbega hula majani na hana ugomvi na mtu. Tumbili ndiye mwizi. Mgeni mmoja akimpa ndizi leo, kesho tumbili huyo atapasua hema la jirani akitafuta nyingine. Kwa hivyo chakula chote huwekwa kwenye masanduku yenye komeo, na atakayewalisha tumbili huombwa afunge virago.

Ubao wa mama

Lakini msomaji, kitu kilichonishika zaidi katika kambi ile ni ubao mweusi ulioegemezwa mlangoni, kama ule wa darasani. Kila asubuhi mama huandika kwa chaki saa ambayo maji ya bahari yatakupwa na saa ambayo yatajaa. Mgeni hawezi kupita kwenda ufuoni kabla ya kuusoma, na mtoto huambiwa azirudie saa hizo kwa sauti.

Nilimwuliza kisa. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza.

Miaka kadhaa iliyopita, familia moja kutoka bara ilifika na mvulana wa miaka 13. Ilikuwa ni wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu. Siku kama hizo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Mombasa hukaribia mita nne. Na kwa kawaida maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ule ule ambapo watoto wameshakunywa chai na wanatafuta mchezo. Bahari huondoka, ikaacha mchanga na vidimbwi, hata mtu akaweza kutembea karibu mpaka mwambani.

Mvulana yule alitembea. Aliokota makoa, akatazama samaki kwenye vidimbwi, akasahau saa. Jambo asilolijua ni kwamba maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huanza kwa kujaza mikondo iliyo chini zaidi, na mikondo hiyo mingine iko nyuma yako, kati yako na ufuo. Alipogeuka, njia aliyopita ilikuwa imekuwa mto.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi na mtumbwi wake ndiye aliyemwona akipunga mkono. Alimleta akiwa hai, akitetemeka, miguu imechomwa na wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Mama mzazi alikuwa amelala kwenye hema. Hakujua lolote mpaka mwanawe alipowekwa mlangoni.

"Hakunilaumu," mwenye kambi akaniambia. "Alinishukuru, akanikumbatia. Hapo ndipo nilipoona haya. Mimi nimezaliwa hapa. Maji haya nayajua kama kiganja changu. Yeye alilala kwa sababu aliniamini, nami sikumwambia."

Jioni hiyo alimtuma mwanawe Ukunda kununua ubao na chaki. Saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hivyo ubao wa jana haufai leo. Ameuandika tangu siku hiyo, hata siku ambazo kambi ina mgeni mmoja tu.

Hesabu ya mwaka mzima

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua ndizo ulizokuwa ukizingoja.

Tuseme kambi yako ina nafasi 10, na kila nafasi hulipiwa Sh800 kwa usiku. Ikijaa, ni Sh8,000. Mtu akiona hivyo huanza kuota gari. Lakini kambi haijai kila siku. Hujaa likizo za shule, Pasaka, Krismasi na baadhi ya wikendi. Mwezi wa Mei mvua ya masika hupiga hata mahema yakaogelea, na pepo za kusi huleta mwani ukarundikana ufuoni na kunuka. Tuseme basi umepata siku 60 za kujaa. Hiyo ni Sh480,000. Igawe kwa miezi 12, utapata Sh40,000 kwa mwezi.

Katika hizo mlipe askari wa usiku, mfanyakazi wa vyoo na mkwezi. Toa leseni ya kaunti na vibali vingine, umeme wa pampu, na makuti mapya ya banda. Usisahau mahema yenyewe, kwa kuwa chumvi ya bahari hula zipu zake usipoziosha kwa maji matamu. Kinachobaki ni riziki, wala si utajiri. Anayekula fedha za Agosti mwezi huo huo wa Agosti atakopa Mei.

Tena iko miaka isiyokuwa na Agosti. Daftari la mama yule lina kurasa nyeupe. Mwaka 1997 ghasia za Likoni ziliwafukuza wageni. Mapema 2008, baada ya uchaguzi, hakuna aliyethubutu kusafiri. Aprili 2020, wakati wa Korona, serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Kwale. "Mara zote hizo," akasema, "waliotangulia kurudi ni watu wa hapa hapa Kenya. Walimu na watoto wao."

Ugomvi wa ploti

Ni katika mwaka huo wa 2020, kambi ikiwa tupu, ambapo mwana wa kwanza alikuja na mnunuzi. Yeye anaishi Nairobi na ana karo za kulipa. Mdogo wake akakataa, akisema kwamba anayetaka kuuza hajawahi kuosha hata choo kimoja. Maneno makali yakatoka. Kwa miezi kadhaa ndugu wale hawakupigiana simu.

Ni rahisi kumwona yule mkubwa kuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na hoja. Hati ya ardhi ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yao. Hakuna aliyejua kambi imeingiza kiasi gani. Mkaza mwana alikuwa amewapikia wageni kwa miaka bila kulipwa hata shilingi, kwa sababu "ni mambo ya nyumbani". Kila mtu alihisi kwamba anaibiwa, na kwa namna fulani kila mtu alikuwa na haki.

Mama hakuwahubiria. Alimwomba mkubwa aje aendeshe kambi kwa likizo moja, kisha wazungumze. Alikuja. Aliosha vyoo saa kumi na mbili asubuhi, akaandika ubao. Mwishowe hakusema kwamba amebadili nia. Alisema tu: "Mama, kazi hii ni ngumu, na haitoshi kulisha nyumba tatu."

Ulikuwa ni ukweli, na ndio uliowapatanisha. Walikubaliana kwamba anayefanya kazi alipwe mshahara kwanza, akiwemo mkaza mwana. Kisha sehemu iwekwe kando kwa ajili ya miaka mibaya. Kinachobaki ndicho kigawanywe kwa warithi wote. Shauri la mirathi wakalipeleka kwa kadhi, ili hati iandikwe inavyopasa. Huenda siku moja watauza. Lakini wakiuza, watauza wakiwa ndugu.

Kwa hivyo wewe mwenye ploti, kabla hujanunua hema la kwanza, waite ndugu zako mketi chini. Andikeni ardhi ni ya nani, kazi ni ya nani na mshahara ni kiasi gani. Pimeni kisima na choo. Mtafuteni mkwezi. Na ubao mwuununue siku ya kwanza, msingoje mtoto wa mtu.

Nawe mgeni, ukifika kambini usiulize tu bei na rangi ya bahari. Uliza: "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Mwenyeji akikujibu bila kusita, tandika mkeka wako hapo ulale.

Sisi usiku wa mwisho tulilala fofofo. Alfajiri nilipotoka nje, mama alikuwa tayari ubaoni, chaki mkononi.