Namba Ziko Wazi, Lakini Lebo Nani Kazikagua?

AngloGold Ashanti, kampuni inayochimba dhahabu Geita, hisa zake zinauzwa New York. Kwa sababu hiyo hesabu zake za mwaka hupelekwa SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, na mwenye intaneti yeyote anaweza kuzifungua bila kulipa senti. Ila kuzifungua ni jambo moja, kuzielewa ni jingine. Waraka una mamia ya kurasa, na anayetaka kulinganisha kampuni kumi kwa miaka kumi ana makumi ya maelfu ya kurasa za kupekua.

Kazi hiyo ndiyo iliyotengenezewa programu za kuchambua hesabu zenye lebo. Wazo la lebo hizo lilitoka kwa mhasibu wa Tacoma, jimbo la Washington, Charles Hoffman, mwaka 1998, nalo likazaa mfumo unaoitwa XBRL. Kila namba katika hesabu inavishwa lebo inayoieleza kompyuta kwamba hii ni faida au deni, ni ya kampuni fulani, ya kipindi fulani, kwa dola au kwa yuro. SEC ilianza kuzilazimisha kampuni kubwa kuutumia mwaka 2009, kisha zikafuata ndogo. Leo programu ya bure kama Arelle inafungua faili hizo, inazipanga katika majedwali na kuonyesha penye kasoro. SEC nayo inafungua data yake moja kwa moja, kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuomba kipengele kimoja cha kampuni zote kwa robo moja ya mwaka na kujibiwa papo hapo.

Hapo ndipo watu wanaposhangilia, na hapo ndipo mimi naanza kusita. Programu haisomi hesabu. Inasoma lebo, na lebo huwekwa na kampuni yenyewe.

Chukua mapato, namba ambayo kila mtu huitafuta kwanza. Kanuni mpya za uhasibu wa mapato zilipoanza kutumika Marekani mwaka 2018, kampuni nyingi zilihama kutoka lebo ya zamani kwenda mpya. Ukiiagiza programu ichore mapato ya miaka kumi na mitano kwa lebo moja, mstari unakatika katikati kana kwamba kampuni imefilisika, kumbe biashara inaendelea na kilichobadilika ni jina tu. Halafu kuna lebo za kujitungia. Kampuni ikiona msamiati rasmi haukidhi haja yake, inaruhusiwa kuunda lebo yake. Mara nyingine ni lazima, kwa sababu biashara hazifanani. Lakini lebo ya pekee haina mwenzake wa kulinganishwa naye, na kulinganisha ndiko kulikokuwa lengo la mfumo wote. Bado sijataja makosa ya kawaida: gharama iliyowekewa alama ya kutoa pasipostahili, au maelfu yaliyoandikwa kama mamilioni.

Nani anayakamata? Marekani, maoni ya mkaguzi wa hesabu hayahusu lebo. Anatia saini kwenye namba anayoisoma kwa macho, huku ile inayosomwa na mashine ikipita pembeni. Hali iliboreka kidogo kuanzia 2019, lebo zilipoanza kupachikwa ndani ya waraka uleule anaousoma binadamu badala ya kukaa kwenye faili la pembeni. Umoja wa Ulaya umekwenda mbele zaidi: wakaguzi wanatakiwa kutoa maoni kuhusu lebo, na kampuni inayojitungia lebo katika taarifa zake kuu inapaswa kuifungamanisha na ile rasmi inayokaribiana nayo zaidi kimaana.

Wapo wanaosema mzigo wa kuweka lebo unaziumiza kampuni ndogo, na katika Bunge la Marekani umewahi kuletwa muswada wa kuzisamehe. Gharama ipo, sibishi. Lakini tazama nani anaumia lebo zikiwa mbovu. Wauza data wakubwa wana wafanyakazi wa kuzisafisha kabla ya kuwauzia mabenki na mifuko ya uwekezaji. Mwananchi anayetumia programu ya bure anapokea takataka zote kama zilivyo. Zamani tajiri alimshinda maskini kwa kuipata taarifa, sasa anamshinda kwa kuipata ikiwa safi. Kumsamehe mtoa taarifa ni kuuhamishia mzigo huo msomaji.

Na kwetu? Benki za Tanzania hutangaza hesabu zao kila robo mwaka kwenye magazeti, kwa fomu iliyopangwa kwa mistari inayofanana. Nusu ya kazi imekwishafanyika, lakini atakayetaka kuzilinganisha ataketi na kalamu anakili namba moja moja. Hesabu nyingi za kampuni nyingine katika masoko ya Dar es Salaam na Nairobi humfikia mwekezaji kama PDF. Haya yanatokea katika nchi zilizokwishapokea viwango vya kimataifa vya uhasibu, Kenya tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, ilhali msamiati wa lebo wa viwango hivyo umekwishatungwa. Afrika Kusini, kupitia ofisi yake ya usajili wa kampuni, ilianza kuzidai hesabu zenye lebo mwaka 2018.

Kwa hiyo mamlaka za masoko ya mitaji, CMSA ya Tanzania na CMA ya Kenya, zisianze kwa kununua programu, maana programu nzuri zipo na ni za bure. Zianze na kanuni: kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko zilete hesabu zenye lebo, kila lebo ya kujitungia ifungamanishwe na ile rasmi, na mkaguzi atie saini kwenye lebo kama anavyotia kwenye namba. Kampuni zenyewe ni chache, soko la Dar es Salaam halifikishi hata hamsini. Sharti la mkaguzi lisiachwe kwa awamu ya pili.