Faramir na neno alilolishika

JICHO LA MSOMAJI
Na Rehema Kisanga

Wapenzi wa The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien wakikutana, mazungumzo huanza kwa Gandalf, yakaenda kwa Aragorn, yakatua kwa Sam, mtunza bustani aliyembeba bwana wake mgongoni kuupanda mlima wa moto. Sina ugomvi na yeyote kati ya hao. Lakini nikiulizwa nampenda nani kuliko wote, jibu langu ni lile lile tangu nilipokisoma kitabu kwa mara ya kwanza: Faramir, mwana wa pili wa Denethor. Anaingia hadithi ikiwa imeshavuka katikati, na kurasa zake ni chache. Leo nataka kumsemea.

Kwa asiyemjua: Gondor ni ufalme uliokaa karibu miaka elfu moja bila mfalme. Unaongozwa na ukoo wa wasimamizi walioshika kiti kama amana mpaka mwenyewe arudi. Denethor, msimamizi wa zama za hadithi hii, ana wana wawili. Boromir, mkubwa, ni shujaa wa vita na kipenzi cha baba. Faramir amepishana naye miaka mitano. Ni hodari pia, lakini anapenda vitabu na habari za kale, na kila Gandalf alipofika mjini alikaa karibu naye kujifunza. Baba hakulipenda hilo hata kidogo. Mama yao alifariki Faramir angali mtoto wa miaka mitano.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Ndoto iliyomtoa Boromir kwao kwenda Rivendell ilimjia Faramir kwanza, tena mara nyingi. Boromir aliiota mara moja tu. Faramir alikuwa tayari kufunga safari. Kaka yake akasema njia ni ya hatari, akaichukua yeye. Kwa hiyo nafasi ile kwenye baraza la Elrond, ambako Boromir aliiona Pete yenye nguvu za adui na kuanza kuitamani, ingeweza kuwa ya mdogo wake. Tolkien hatuambii hadithi ingekwendaje, lakini Denethor analijua hilo, nasi tunalijua, na linauma katika kila sura ya Faramir inayofuata.

Sasa twende msituni Ithilien. Frodo na mtunza bustani wake Sam, wakielekea Mordor, nchi ya adui, kwa siri, Pete ikiwa shingoni mwa Frodo, wanakamatwa na askari wa Gondor waliojificha porini. Kamanda wao ndiye Faramir. Amri aliyopewa iko wazi: yeyote atakayekutwa katika nchi ile bila ruhusa ya mtawala auawe. Tena ana kidonda kibichi, maana siku chache nyuma aliiona maiti ya kaka yake ikielea ndani ya mashua mtoni. Hawa wageni wawili walisafiri na Boromir na kuna jambo wanalificha. Kamanda mwingine angewatesa mpaka waseme. Faramir anawahoji kwa saa nzima mbele ya askari wake, kisha anawapeleka kwenye pango lililofichwa nyuma ya maporomoko ya maji, anawalisha, na kabla ya kula yeye na watu wake wanasimama kimya wakitazama magharibi.

Katika mahojiano na mazungumzo hayo anang'amua kwamba Frodo amebeba silaha fulani ya adui. Haijui ni nini hasa. Hata hivyo anatamka, bila kushurutishwa, kwamba kitu cha namna hiyo hata angekikuta kimelala barabarani asingekiokota. Haitaki Gondor iokolewe kwa nguvu za yule inayempinga. Baadaye Sam, akiwa ameshiba na ulimi umelegea, anaropoka: kitu chenyewe ni Pete ya adui.

Faramir anasimama. Hapa Tolkien anatuacha tuogope, na mimi niliogopa kweli. Yuko mbele ya wageni wawili wadogo wa kimo, amezungukwa na watu wake wenye silaha, na kile ambacho kaka yake alikifia sasa kiko hatua chache kutoka mkononi mwake. Frodo na Sam wanarudi hadi ukutani wakitafuta panga zao. Pango zima linanyamaza. Kisha Faramir anaketi tena kitini, anacheka taratibu, na uso wake unarudi kuwa mzito. Anawaambia kwamba ingawa aliposema yale maneno hakujua anachokizungumzia, atayahesabu kuwa kiapo nayo yatamfunga. Frodo anapotaja mwisho wa safari yake, miguu inamwishia kwa uchovu. Faramir anamdaka, anambeba hadi kitandani na kumfunika.

Nimeirudia sura hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote kitabuni. Wapo wanaosema Faramir ni mwema mno, kwamba mtu asiyetamani Pete hana cha kushinda. Siafiki. Aliposimama pale alijua vizuri anachoweza kukifanya, na Frodo na Sam wasingeshika panga kama hatari isingekuwapo. Kilichomwokoa ni kwamba uamuzi aliupitisha mapema, kichwa kikiwa kimetulia, akalitamka neno lake mbele ya mashahidi. Jaribu lilipofika lilimkuta ameshafungwa na ahadi. Boromir hakuwa mtu mbaya. Aliipenda Gondor kupita kiasi na hakuwahi kujiuliza mpaka wa mapenzi hayo uko wapi. Mdogo wake alijiuliza miaka mingi kabla Pete haijafika. Faramir mwenyewe anasimulia kwamba Boromir angali mtoto alimuuliza baba yao miaka mingapi inahitajika msimamizi awe mfalme, ikiwa mfalme harudi. Faramir alikuwa mdogo wa umri lakini swali lile lilimkaa.

Tolkien hakumpanga mtu huyu. Mwezi Mei 1944 alimwandikia mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini akipata mafunzo ya urubani wa kijeshi, kumweleza kwamba mhusika mpya ametokea katika misitu ya Ithilien bila yeye kumbuni wala kumhitaji, na kwamba ameanza kumpenda. Miaka zaidi ya kumi baadaye aliandika kuwa kama kuna mhusika anayefanana naye, basi ni Faramir, isipokuwa yeye Tolkien hana ushujaa ule. Mtu huyu alipigana Somme mwaka 1916, na vita vile vilimchukulia marafiki zake wa karibu. Ndoto iliyomsumbua mara kwa mara, ya wimbi kubwa linalofunika nchi, alimpa Faramir aiote. Askari anayepigana kwa sababu ni lazima na kukataa kuipenda vita aliandikwa na mtu aliyeijua vita kwa mwili wake.

Ndiyo maana filamu ya mwaka 2002 iliniumiza. David Wenham aliigiza vizuri. Tatizo ni alichopewa kuigiza. Peter Jackson na waandishi wenzake walimgeuza Faramir: akijua Pete ni nini anaamua kuipeleka kwa baba yake, anamburuta Frodo hadi Osgiliath, na huko ndiko anakobadilika. Walieleza sababu zao. Baada ya kutumia muda mrefu kuwaonyesha watazamaji kwamba Pete inamshinda kila mtu, waliona mtu anayeipungia mkono angeipunguzia makali. Pia pambano la Frodo na buibui Shelob walilisogeza kwenye filamu ya tatu, hivyo ya pili ilihitaji kilele kingine. Ninaielewa hoja ya mafundi. Lakini mamilioni ya watu wanamjua Faramir aliyechelewa kuona haki, na wamekoseshwa yule aliyeiona tangu mwanzo.

Malipo ya wema wake, kitabuni, ni machungu. Anaporudi Minas Tirith na kumweleza baba yake ukweli wote, Denethor anamwonyesha wazi kwamba angependa yeye ndiye awe amekufa na Boromir awe hai. Kisha anamtuma kwenda kulinda vivuko vya mto dhidi ya jeshi lisilozuilika. Faramir anakwenda. Anarudishwa hana fahamu, na baba aliyekata tamaa anawasha moto ili wateketee wote wawili. Wanaomwokoa ni wadogo wa cheo: Pippin anayekimbia kumwita Gandalf, na Beregond, askari wa kawaida, anayeacha lindo lake na kuua ili bwana wake aishi. Watu walimpenda Faramir kiasi hicho. Anapozinduka kwa tiba ya Aragorn, neno lake la kwanza ni kumtambua kuwa ndiye mfalme.

Hapo ndipo penye heshima yake kuu, na hapasemwi vya kutosha. Denethor alishaapa kwamba hatamwinamia mtu wa ukoo uliochakaa. Faramir, aliyerithi usimamizi wa karibu miaka elfu moja, anaushika kwa muda mfupi sana. Jeshi likiwa mbali anauandaa mji kumpokea mfalme, na huko kwenye nyumba za wagonjwa anampenda Éowyn, mgonjwa mwenzake, na kumsubiri kwa upole mpaka mwanamke yule ayatake tena maisha. Siku ya kutawazwa anatoka nje ya lango mbele ya umati, anapiga goti na kuikabidhi fimbo nyeupe ya madaraka. Aragorn anamrudishia, awe msimamizi yeye na kizazi chake.

Sisi tuliolelewa na Shaaban Robert tunawajua ndugu wa Faramir. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, wajumbe wanatumwa nchi za mbali, wanarudi na habari zenye manufaa, na nchi yao inawalipa kwa kuwatia gerezani. Wao pia ni wahusika wa pembeni, na Karama, mshtakiwa wa kitabu hicho, anaposimama kujitetea ni kwa habari zao anazozisimulia. Nadhani ndiyo sababu sikuhitaji kuelezwa Faramir ni nani.

Kama umeona filamu tu, nakuomba utafute The Two Towers, ufungue nusu yake ya pili na usome sura ya nne, ya tano na ya sita. Humo ndimo alimo Faramir ambaye Tolkien alimpenda.