Mtoto wa Miaka Saba Ameota Nywele Kwapani: Kabla Hujamlaumu Kuku wa Broila

Miezi mitatu iliyopita dada yangu alinipigia simu saa nne usiku. Si kawaida yake, huyo saa tatu ashalala. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini: "Umelala? Leo nikimwogesha mtoto nimeona kitu." Mtoto ana miaka saba, yuko Gredi ya Pili. Kitu chenyewe kilikuwa nywele chache kwapani, na jasho lenye harufu ya mtu mzima.

Kama unaishi Machakos unajua habari kama hiyo hailali ndani ya nyumba. Kufika Jumapili, susu alikuwa ashapata jibu lake: ni kuku wa broila. Jirani naye alisema ni mafuta ya kujipaka. Halafu mama mmoja pale saluni akatoa lile baya zaidi: "Huyo mchungeni, wasichana wa hivyo huanza tabia mapema." Mtoto wa Gredi ya Pili, ambaye bado analilia katuni!

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini nimesoma, nimepanga foleni hospitalini na dada yangu, na nimegundua kwamba hili jambo tunalinong'oneza kama aibu linahitaji kuongelewa mchana. Hebu tulipange.

Mwili unafanya nini?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inaitwa adrenali. Mtoto akifika kati ya miaka sita na minane hivi, tezi hizo huanza kutoa homoni dhaifu polepole. Kwa watoto wengi hutaona chochote hadi baadaye. Kwa wengine zinawahi kidogo, na ndipo unaona nywele, harufu ya jasho, chunusi moja mbili, ngozi ya mafuta. Hayo peke yake si kubalehe. Kubalehe kwenyewe huanzia kichwani, ubongo unapotuma ishara kwa ovari au korodani, na hiyo ni njia nyingine kabisa.

Mstari ambao madaktari wanatumia ni huu: dalili za kubalehe kabla ya miaka 8 kwa msichana, au kabla ya miaka 9 kwa mvulana, zinafaa kuangaliwa. Nimesema kuangaliwa, sijasema kuogopwa. Mara nyingi nywele zikija peke yake hakuna ugonjwa. Lakini mara chache kuna kitu nyuma yake: hitilafu ya adrenali ambayo mtoto alizaliwa nayo, uvimbe, au homoni inayotoka nje, kama vile mtoto kugusana na ngozi ya mtu mzima anayepaka jeli ya testosteroni. Na wavulana wasisahauliwe. Ni wachache wanaobalehe mapema hivyo, lakini wakibalehe, uwezekano wa kupata chanzo cha ugonjwa ni mkubwa kuliko kwa wasichana. Kwa hivyo mzazi anayesema "huyu ni mwanaume, ameiva tu" anajidanganya.

Dalili za kukufanya usingoje ni hizi: mtoto yuko chini ya miaka sita, anarefuka haraka ghafla kuliko wenzake, ana dalili zingine za kubalehe pamoja na nywele, au analalamika kichwa na macho. Mtoto anayerefuka haraka tunampigia makofi, "huyu atakuwa mrefu kama babake." Kumbe mifupa ikikomaa mapema inafunga mapema, na yule aliyekuwa mrefu darasani anaweza kuishia mfupi kuliko wote.

Sasa, kuku

Najua unataka tufike hapa. Broila anakua kwa wiki sita hivi, na watu wanasema lazima kuna homoni. Ukweli ni kwamba kasi hiyo inatokana na mbegu iliyochaguliwa kwa miaka mingi na chakula kizito. Homoni ya kukuza ni protini. Ukiiweka kwenye chakula, tumbo la kuku linaiyeyusha kama protini nyingine yoyote. Ingebidi kila kuku adungwe sindano, tena mara nyingi. Niambie ni mkulima gani wa Kathiani mwenye kuku mia tano atafanya hiyo kazi na bado auze kwa bei ile. Malalamiko kuhusu dawa za antibiotiki kwa kuku ni halali, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Kinachohusishwa kweli na kubalehe mapema, hasa kwa wasichana, ni uzito uliozidi. Kwa hivyo kama unataka kulaumu chakula, anza na soda ya kila siku, chipsi za kila jioni, na mtoto anayeshinda kwenye simu kwa sababu hakuna uwanja wa kuchezea mtaani.

Tena hili si la Machakos peke yake. Mwaka 1997 Marcia Herman-Giddens na wenzake Marekani walichapisha matokeo ya wasichana zaidi ya 17,000. Wakifika umri wa miaka 8, karibu nusu ya wasichana weusi walikuwa na dalili fulani, ikilinganishwa na kama 15 kati ya kila 100 ya wasichana weupe. Kule Copenhagen, watafiti walilinganisha wasichana wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wale wa 2006 hadi 2008, wakakuta kubalehe kumesogea mbele kwa karibu mwaka mzima. Wakati wa korona, hospitali za Italia nazo ziliripoti watoto wengi zaidi kuletwa kwa sababu hiyo.

Na vipimo vyenyewe vilitoka wapi? Hatua tano ambazo daktari yeyote anatumia kupima kubalehe zinaitwa kwa jina la James Tanner. Yeye na William Marshall walifuatilia wasichana 192 na wavulana 228 katika makao ya watoto pale Harpenden, Uingereza, wakachapisha 1969 na 1970. Hao ndio waliotupa picha ya "kawaida". Sisemi vipimo ni vibaya. Nasema mtoto wa Mutituni anapimwa kwa rula iliyochongwa Harpenden, na hiyo ni sababu tosha ya kudai tafiti zetu.

Pengo

Hapa ndipo siasa inapoingia. Ukifungua kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, chati ya ukuaji inaishia miaka mitano. Baada ya chanjo, hakuna anayempima mtoto urefu tena hadi augue. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa Juni 2017 ili serikali itoe pedi bure kwa kila msichana wa shule ya umma aliyebalehe. Angalia neno lililotumika: aliyebalehe. Sheria haikutaja darasa wala umri. Lakini shule ninazozijua hapa, pedi zikija zinapelekwa madarasa ya juu. Masomo ya mabadiliko ya mwili nayo yanangoja huko huko juu. Kwa hivyo kati ya miaka mitano na kumi mtoto yuko peke yake, na ndipo haya mambo yanaanza.

Gharama ya hilo pengo tunaijua. Septemba 2019 kule Bomet, msichana wa miaka 14 alijiua baada ya kudaiwa kuaibishwa shuleni kwa sababu ya hedhi. Kama wa miaka 14 alielemewa, wa miaka minane atabeba vipi?

Ndiyo maana yale maneno ya saluni yaliniudhi. Nywele hazisemi chochote kuhusu tabia ya mtoto. Katiba inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Haikusema "isipokuwa akionekana mkubwa". Anayetazama mwili wa mtoto na kuona mtu mzima, huyo ndiye wa kuchungwa. Ukishuku mtoto anadhulumiwa, nambari ya Childline ni 116, haitozi kitu.

Ufanye nini?

Usinyoe halafu ukanyamaza, na usinunue dawa yoyote kemisti. Andika tarehe uliyoona. Mpime urefu kwa ukuta, weka alama kwa penseli, rudia baada ya miezi mitatu. Kagua mafuta na krimu zote za nyumbani, pamoja na za watu wazima. Nenda zahanati au kituo cha afya. Kama umejisajili SHA, huduma za ngazi ya 2 na 3 zinalipwa na hazina ya afya ya msingi. Omba rufaa. Daktari anaweza kuagiza picha ya mfupa wa mkono wa kushoto kuona kama mifupa imezidi umri, na kipimo cha damu.

Kliniki ya kwanza tuliyoenda walituambia "mpakeni poda". Dada alilia kwa matatu. Ya pili walimsikiliza, wakamtuma picha ya mkono. Shida ni kwamba wataalamu wa homoni za watoto ni wachache na wengi wako Nairobi, ingawa tangu 2008 kumekuwa na kituo huko huko kinachowafunza madaktari wa nchi nyingi za Afrika. Kilomita 60 si mbali kwa mwenye gari. Kwa mama anayeuza sukuma pale Marikiti ni siku nzima bila mauzo. Kaunti ingeweza kuleta kliniki hiyo hapa hata siku moja kwa mwezi. Afya iligatuliwa kwa sababu gani?

Mpwa wangu mifupa yake iko sawa na umri wake. Tunarudi baada ya miezi sita. Ile siku ya picha aliuliza swali moja tu: "Nimefanya makosa?" Dada akamwambia hapana, mwili wako umeharakisha kidogo, na sisi tunauangalia. Akaitikia, akaomba mandazi.

Kama kuna mtoto nyumbani kwenu anangoja kuambiwa hivyo, mwambie leo.