Tusikaushe bwawa kwa sababu ya samaki mmoja

Somo: Luka 5:1-11

Kuvua ziwani si sawa na kuvua katika bwawa ulilolichimba mwenyewe. Mvuvi wa ziwani akirudi mikono mitupu husema samaki wamehama. Mwenye bwawa hana kisingizio hicho. Aliwahesabu vifaranga siku ya kuwapandikiza, amewalisha pumba kila asubuhi, na anajua wamo.

Chukua bwawa la familia lililochimbwa kando ya kijito katika milima ya Vidunda, wilayani Kilosa, kule ambako maji huteremka kuelekea Ruaha Mkuu na Kidatu. Ni bwawa dogo. Mtoto akirusha jiwe linavuka. Lakini humo yumo perege mmoja mkubwa anayeonekana jioni akipasua maji, na siku unayoshika ndoano hatoki.

Wafugaji wa samaki wanaijua sababu. Perege akihisi kokoro linakuja hujilaza katika shimo alilochimba chini, wavu ukapita juu yake. Mwingine huruka juu ya wavu. Kambale hujizika topeni. Wavu unaopita bila kumnasa samaki unamfundisha namna ya kuukwepa unaofuata.

Yuko samaki mwingine aliyesifika zaidi kwa ujanja huo, naye ni trauti wa kahawia, samaki wa maji baridi mwenye madoa ubavuni. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa Kenya kutoka Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare. Wanaomvua husema kwamba kinachoharibu uvuvi mara nyingi si chambo bali mvuvi mwenyewe. Kivuli chake kikianguka majini, samaki ameondoka. Akikanyaga kwa kishindo ukingoni, mtikisiko unamfikia samaki kupitia mstari wa ubavuni unaohisi mwendo wa maji. Ndiyo maana mvuvi mzoefu huinama, hunyamaza, na husubiri jua lizame.

Ndugu zangu, makanisa yetu mengi ni bwawa la namna hiyo. Huku Kilosa Injili si habari mpya: wamisionari wa CMS walikuwa Mamboya kabla ya karne ya 19 kwisha. Leo tunahubiri kwa wajukuu na vitukuu vya watu waliobatizwa. Yule tunayemtafuta hayuko mbali. Ni kijana wa mzee wa kanisa, aliyepita Shule ya Jumapili na kupata kipaimara, ambaye Jumapili asubuhi anaosha pikipiki wakati kengele inalia. Ni mume anayemsindikiza mkewe hadi getini na kurudi. Nyimbo anazijua. Anajua hata mahubiri yatakavyoishia. Kokoro letu limempitia mara nyingi, naye amejua pa kujilaza.

Sisi tunafanya nini? Tunaleta kokoro lilelile, ila tunalivuta kwa kelele zaidi. Tunaongeza vipaza sauti. Tunamtaja kwa mafumbo kwenye matangazo. Wazee wanne wanakwenda kwake kwa mguu mmoja, majirani wote wakiona, kisha tunashangaa kwamba alitokea mlango wa nyuma. Hakuikimbia Injili. Alikimbia kivuli chetu.

Kuna jambo jingine ambalo perege anatufundisha. Jike akishataga hubeba mayai yake kinywani, na baadaye watoto wake pia, mpaka waweze kuogelea wenyewe. Muda huo kwa kawaida hali. Hata ukimwekea chambo kizuri namna gani hakigusi, kwa sababu kinywa chake kimejaa. Tunao waumini wa namna hiyo. Yuko mama anayelea watoto peke yake, na Jumapili ndiyo siku yake ya gulio. Yuko kijana anayemuuguza baba yake. Tunasema wamepoa kiroho, kumbe vinywa vyao vimejaa. Watu hao hawahitaji kuvuliwa wiki hii. Wanahitaji mtu wa kuwashikia mzigo.

Mwenye bwawa akikata tamaa kabisa ana njia moja ya mwisho: kukausha bwawa. Anavunja ukingo, maji yanakwisha, na yule perege mjanja anaokotwa kwa mkono topeni. Kama shabaha ni kitoweo, njia hiyo inafaa, na wafugaji huitumia wakati wa mavuno. Lakini tukumbuke alichoambiwa Simoni siku ile baada ya usiku wa kuchoka bure. Yesu alimwambia kwamba tangu hapo atakuwa akivua watu, na neno la Kigiriki alilolitumia Luka katika mstari wa 10 lina maana ya kukamata kitu kikiwa hai. Mvuvi wa samaki huwatoa majini wakafa. Mvuvi wa watu anatumwa kuwakamata ili waishi. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha kila mbinu yetu.

Kwa kipimo hicho, nasema wazi juu ya desturi moja: kumnyima marehemu ibada ya maziko ili walio hai waogope. Tumeona familia zikizunguka usiku na kadi za zaka na stakabadhi za jumuiya, zikithibitisha kwamba aliyelala ndani ya jeneza alikuwa wetu. Wapo wanaosema ukali huo hurudisha watu kanisani. Ni kweli, baadhi hurudi. Wanalipa michango iliyolimbikizwa na kuketi viti vya nyuma, kama perege aliyeokotwa topeni. Lakini watoto wa yule marehemu waliosimama kando ya kaburi bila neno la faraja wanaondoka na jeraha litakalowachukua miaka mingi. Maji ya bwawa lile yalikuwa yakiwanywesha wao pia.

Najua wachungaji na makatekista watauliza: basi nidhamu ya kanisa ife? Hapana. Yesu mwenyewe aliiwekea utaratibu katika Mathayo 18:15-17. Lakini hatua ya kwanza ni kumwendea ndugu yako wewe na yeye, wawili tu. Kundi na kanisa zima huja baadaye. Sisi tunaanza na tangazo na kumalizia na jeneza, na ile safari ya watu wawili hatukuifanya. Mtu akifika kaburini bila kutembelewa hata mara moja, kesi ni yetu kabla ya kuwa yake.

Mtume Petro, aliyekuwa mvuvi kwa kazi, anawaambia wake kwamba waume wasiolitii Neno wanaweza kuvutwa bila neno, kwa kuuona mwenendo wao (1 Petro 3:1-2). Na katika sura ya 5 anawaonya wazee wasijifanye mabwana juu ya kundi. Yaonekana alijifunza kuinama ukingoni. Hata ile kazi ya kupambanua samaki wema na wabaya, Yesu anasema katika Mathayo 13:47-50 kwamba ni ya malaika mwisho wa dunia. Hatukuajiriwa kwa kazi hiyo.

Wiki hii, mpendwa, mtaje moyoni mtu mmoja aliyemo ndani ya bwawa lenu na hajakamatwa. Usimpigie simu kumuuliza mbona haonekani. Nenda jioni, peke yako, bila Biblia kubwa mkononi. Muulize habari za shamba, za mgonjwa, za watoto. Akikupa kiti, kaa. Kama kinywa chake kimejaa, msaidie kubeba. Usipoona dalili yoyote, rudi tena mwezi ujao bila kinyongo, kwa maana Simoni naye alikesha usiku kucha asipate kitu, na Bwana akaja kwake kulipokucha.

Jumapili njema.